Jina Lililokuwa Limekaa Bure

Vijana wa ofisini, mliniagiza niandike kurasa chache za kuwaachia kabla sijasahau. Nimekaa na agizo hilo wiki tatu. Kwanza niliwaza kama "chache" ni nne au ni kumi. Kisha nikawaza kama mliniagiza kwa kuwa mnataka kusoma, au kwa kuwa ndivyo mstaafu anavyoambiwa akishakatiwa keki. Mwishowe mume wangu akaniuliza utafiti huu wa namna ya kuanza utakwisha lini. Ndipo nikachukua kalamu.

Vyeo sitaviandika. Faili langu lipo masjala, anayetaka atalikuta, limeliwa kidogo na mende kwenye pembe. Nitaandika habari za mwanzo, miaka ile ya tisini, nilipokuwa msaidizi wa utafiti Kasulu na Kibondo, na hasa habari za fomu moja ambayo hamtaikuta katika kabati lolote. Mmewahi kuniuliza kwa nini kwetu orodha ya majina hukaa katika droo yenye kufuli na madodoso hubeba namba tu. Mliuliza mkicheka, mkidhani ni woga wangu wa kila siku. Ni woga kweli, lakini una mahali ulikotoka.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache tu kabla ya hapo. Daktari, mkuu wa mradi wetu, alitaka kujua kwa nini watoto wa nyanda za juu za Kigoma hawafiki chuo. Swali lilinigusa, maana katika miaka yangu yote ya chuo sikuwahi kukaa darasani na mtu aliyetoka Kasulu wala Kibondo. Mpango ulikuwa kuanzia chini kabisa, kwa watoto wa darasa la saba, kupima hamu yao ya kusoma na kuona nani anaendelea na nani anaishia hapo. Hamu ilipimwa kwa dodoso la kurasa sita. Mtoto anasomewa sentensi kama "Napenda kwenda shule" au "Elimu itabadilisha maisha yangu", naye anaweka alama kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Niliyabeba madodoso hayo ndani ya sanduku la bati kwa treni hadi Kigoma, kisha kwa basi hadi Kasulu. Njiani nililikalia sanduku, nikiogopa litaibwa. Nani angeiba madodoso, sikujiuliza.

Nilifika nikiwa nimevaa kwa ajili ya joto. Kwangu Kigoma ilikuwa ziwa, na ziwa lilikuwa jua. Hakuna aliyeniambia kwamba Kasulu iko juu, kwamba asubuhi ukungu hulala barabarani na watu huvaa makoti mazito hadi saa nne. Mama mwenye nyumba niliyopanga, nyuma ya duka lao mjini, alinitazama nikitetemeka, akaingia ndani na kutoka na sweta la mumewe. "Vaa, mwanangu. Elimu yako isigande." Nililivaa miaka miwili. Lilikuwa refu hadi magotini, na nadhani ndilo lililofanya watoto wasiniogope.

Katika ofisi ya elimu ya wilaya nilikabidhiwa kwa Mwalimu Bonifasi. Alikuwa amefundisha shule za msingi tangu ujana wake, goti likamharibikia, akapewa kazi ya kuwasindikiza wageni kama mimi na kutafsiri Kiha. Alilichukua dodoso langu, akalisoma lote kwa kusimama, taratibu, kurasa zote sita. Mimi nilikuwa nikihesabu vifungo vya shati lake kwa wasiwasi. Alipomaliza akalikunja vizuri.

"Binti, aliyeandika haya aliwahi kuwa mtoto?"

Nilisema Daktari alisoma ng'ambo.

"Ahaa," akasema Mwalimu Bonifasi. "Basi huenda kule utoto waliuruka."

Shule yetu ya kwanza ilikuwa nusu saa kutoka mjini. Tulisaini kitabu cha wageni, nikasimama mbele ya darasa la saba, nikasoma maneno ya ukurasa wa kwanza ambayo nilikuwa nimeyakariri usiku na mchana: majibu yenu ni siri, hayataonwa na mwalimu wenu, wala mzazi, wala mtu yeyote wa serikali. Mwalimu Bonifasi akayatafsiri kwa Kiha, polepole, akimtazama kila mtoto. Tukaendelea na sentensi. Tulipokusanya karatasi nilitaka kupiga vigelegele. Kila mtoto alikubali kabisa, kwa kila sentensi. Nilimwambia Mwalimu Bonifasi kwamba sijapata kuona hamu ya elimu kama hii.

Aliligeukia darasa.

"Wanafunzi, uji wa shule hii ni mtamu?"

"Ndiyoo, mwalimu!" wakaitika wote.

"Mtamu sana au mtamu kidogo?"

"Mtamu sanaa!"

Tulipotoka nje nilimwuliza uji huo hupikwa saa ngapi. "Haupikwi," akasema. "Shule hii haina uji. Haijawahi kuwa nao. Lakini mgeni akiuliza, nani atamkatalia? Wewe umekuja kutoka mbali, umevaa sweta kubwa kama la baba yako, unataka wakubali. Wamekukubalia. Hiyo si hamu, binti. Hiyo ni adabu."

Siku mbili nilikuwa mgonjwa wa aibu. Siku ya tatu alinifundisha kazi, na ninyi mnaosoma hapa, karibu yote mnayofanya mkienda shuleni yametoka kwake. "Mtoto usimwulize anataka nini," alisema. "Mwulize jana alifanya nini. Tangu alipoamka." Kisha akasema nitazame madaftari. Mtoto anayetaka kusoma huandika herufi ndogo, mistari miwili ndani ya mmoja, ili daftari lisiishe. Mwingine huanza upya kutoka nyuma, akiandika kati ya mistari ya mwaka jana. Tazama jalada pia, alisema, na yaliyo chini ya jalada. Madodoso ya Daktari tuliendelea kuyajaza, maana ndiyo kazi iliyotuleta, lakini pembeni ya kila moja niliandika mtoto alifanya nini jana.

Hivyo tulizunguka. Kibondo tulikwenda kwa malori ya mizigo, hadi upande wa Kakonko, wakati barabara imejaa magari ya wakimbizi kutoka Burundi na turubai za kambi zinaonekana kwenye vilima. Katika kambi moja mwalimu mkimbizi alikuwa akifundisha hesabu kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku, watoto wamekaa juu ya mawe waliyojichagulia na kila mmoja analijua jiwe lake. Nilimwuliza, kwa sauti ya mtu mwenye dodoso, kama wanafunzi wake wana hamu. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Dada, hamu iko. Njo chaki haiko," yaani chaki ndiyo haipo. Jibu hilo halikuwa na kisanduku chake cha kutia alama. Nililiandika pembeni.

Sasa nifike kwenye fomu.

Juu ya Munanila, karibu na mpaka, kulikuwa na shule moja. Sitaitaja jina, na majina ya wasichana wawili nitakaowataja nimeyabadilisha. Mtaelewa. Darasa la saba lilikuwa limebakiza wiki chache kufanya mtihani. Kulikuwa na msichana nitakayemwita Anastazia, badala ya jina lililokuwa kwenye daftari la mahudhurio. Nilimwuliza jana alifanya nini.

"Niliamka kabla ya jogoo wetu. Jogoo wetu ni mvivu," alisema, na wenzake wakacheka. "Nikachota maji. Nikawahi shuleni."

"Ulifika saa ngapi?"

"Kabla ya mwalimu mkuu."

"Kwa nini kabla yake?"

Aliona haya kidogo. "Ubao wa jana unakuwa haujafutwa. Nasoma yaliyobaki. Hata ya darasa la sita nayasoma kupitia dirishani."

Nilishika daftari lake. Herufi zilikuwa ndogo kama mtama. Jalada lilikuwa la karatasi ya mfuko wa saruji, limeshonwa kwa uzi, na juu yake limeandikwa Anastazia. Pembe moja ilikuwa imefunguka, na chini yake niliona jalada la zamani lenye jina jingine: Sesilia. Nilimrudishia daftari. Mwalimu Bonifasi naye alikuwa ameona, najua, kwa sababu aliingia kwenye habari ya mvua ghafla mno.

Utaratibu wa mradi ulisema kwamba katika kila shule tumchague mtoto mmoja, tumfuatilie hadi nyumbani, tuzungumze na wazazi. Nilimchagua huyo. Mwalimu Bonifasi akasema, "Mzuri. Lakini kwa huyu usiende bila mimi." Sikumwuliza kwa nini. Kesho yake akaletewa habari ya msiba wa shemeji yake huko Kigoma, akaondoka.

Mtu mwingine angengoja. Mimi nilikaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni nikawaza. Nikingoja, ratiba itachelewa. Ratiba ikichelewa, Daktari atadhani sifai. Nisipofaa, nitarudi nyumbani na sanduku la bati. Labda alisema usiende kwa sababu ya njia mbaya. Labda alisema kwa sababu sijui Kiha, lakini wazazi wengi wanajua Kiswahili kidogo. Nilijiridhisha kwa sababu saba, na nimejifunza tangu hapo kwamba mtu mwenye sababu saba hana hata moja. Nilinakili jina la baba wa Anastazia kutoka kwenye daftari la usajili, nikaulizia njia, nikapanda mlima.

Uani nilimkuta msichana mwenye mtoto mgongoni akimenya mihogo. Nilisema "Mwakeye", neno langu moja la Kiha, akaniitikia, akaniletea kigoda.

"Natafuta nyumbani kwao Anastazia," nikasema.

"Umefika."

"Yeye yuko shuleni, najua. Nataka kuzungumza na wazazi wake."

Akaacha kumenya. Alinitazama mimi, akalitazama sweta, akazitazama karatasi zangu. "Anastazia ndiye mimi," akasema.

Nilimwambia haiwezekani, nimezungumza na Anastazia jana. Nilimwambia hivyo, mtu aliyekuwa nyumbani kwake, kuhusu jina lake. Hakukasirika. Alinieleza kama anavyoelezwa mgeni aliyepotea njia. Yeye alikuwa darasa la sita alipopata mimba, akafukuzwa shule kama ilivyokuwa sheria. Jina lake likabaki kwenye daftari, halijakatwa. Sesilia, rafiki yake tangu la kwanza, alikuwa mbele yake mwaka mmoja. Alifanya mtihani wa la saba, na nafasi za sekondari zikaisha kabla ya kumfikia. Kurudia kwa jina lako mwenyewe kulikuwa hakuruhusiwi.

"Basi mwalimu mkuu akaja kuniomba jina," alisema Anastazia. "Nikampa. Lilikuwa limekaa bure." Akaokota muhogo mwingine. "Anaendeleaje na hesabu? Hesabu za sehemu zilikuwa zinamsumbua."

Nilisema anaendelea vizuri. Akafurahi kweli, kama mama. Kisha akauliza, "Kwani kuna tatizo?"

Nilisema hapana. Nikashuka mlima, nikakaa mezani, nikatengeneza tatizo.

Mradi ulikuwa na fomu iliyoitwa Fomu ya Kutolingana. Taarifa za shule zisipolingana na za nyumbani, msaidizi alitakiwa kuijaza, nakala moja kwa mkuu wa mradi, nakala nyingine kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Niliijaza kwa karatasi ya kaboni. Sijawahi kujaza fomu vizuri kama ile. Niliandika jina la kweli na jina la kuazima, kitongoji, jina la mwalimu mkuu. Mwandiko ulikuwa mzuri, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kigoma sikuwa na wasiwasi wowote, kwa kuwa nilikuwa nafuata maelekezo. Ijumaa nilipata gari hadi Kasulu. Nakala ya Daktari nikaipeleka posta. Nakala ya wilaya nikaiacha masjala, mezani pa karani, Mzee Hamisi, ambaye alishafunga daftari lake kwa ajili ya swala na akaniambia barua za leo zitafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi mchana Mwalimu Bonifasi alirudi kutoka msibani. Alipita kunisalimu pale dukani, goti limevimba kwa safari. Nilimpa pole, kisha nikamweleza nilichofanya. Nilidhani atanisifu, au atanigombeza kwa kwenda peke yangu. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Umeandika kwa kalamu gani?"

"Ya wino."

"Ungeandika kwa penseli ungekuwa mjinga wa siku moja."

Nilianza kujitetea. Nilisema ni utaratibu. Nilisema ni udanganyifu, mtoto anafanya mtihani wa taifa kwa jina la mtu mwingine, nami siwezi kuficha.

"Sikukwambia ni halali," akasema. "Mwalimu mkuu mwenyewe anajua si halali. Lakini Jumatatu Mzee Hamisi akifungua bahasha hiyo, Jumanne msichana yule anafutwa kwenye mtihani, na mwalimu mkuu anaitwa hapa. Ubao ule atausoma nani asubuhi?" Akaigeuza kofia. "Tena nisikilize. Sesilia alifaulu mwaka jana. Alama zake niliziona. Alifaulu, hakuchaguliwa. Wewe na Daktari mnazunguka na karatasi mkitafuta kama watoto hawa wana hamu. Kufaulu na kuchaguliwa, hapo katikati ndipo wanapopotea. Mmekuja kupima njaa ya mtu, chakula hamkitazami."

Nilirudia tena neno utaratibu, nadhani mara mbili.

Ndipo akaniambia neno ambalo nimelibeba kazini miaka yote. Hakupandisha sauti. "Binti, pale darasani ulisoma kwamba majibu ni siri. Hayataonwa na mtu yeyote wa serikali. Wewe ulisoma, mimi nikatafsiri. Watoto wananijua mimi, wewe hawakujui. Sasa niambie. Nilikuwa natafsiri uongo?"

Mimi niliyewaza kuhusu kila kitu, niliyehesabu vifungo vya mashati ya watu, nilikuwa nimesoma ahadi ile mbele ya madarasa mengi na sikuwahi hata mara moja kuiweka kando ya ile fomu ya nakala mbili. Zote mbili zilikuwa ndani ya sanduku moja. Nilikuwa nimezikalia kutoka treni hadi basi.

Jumatatu tulikuwa mlangoni kwa Mzee Hamisi kabla hajafika. Alikuwa mtu wa Ujiji mwenye kanzu nyeupe na mwandiko wa kupendeza, na kwake barua zilikuwa amana. Aliwasha redio, akapangusa meza, akapanga bahasha. Yangu ilikuwa ya tatu. Nikasema naomba ile barua yangu.

"Ipi?"

"Ile. Niliileta Ijumaa."

"Ukishaileta ni ya ofisi." Akachukua kisu chake cha kufungulia. Mwalimu Bonifasi akakohoa.

"Sheikh Hamisi, haijafunguliwa."

"Naiona."

"Na haijaandikwa kwenye daftari. Ijumaa ulikuwa umeshafunga."

Mzee Hamisi aliitazama bahasha pande zote mbili. Alimtazama Mwalimu Bonifasi muda mrefu, wakajuana kwa namna wazee wanavyojuana, nami sikupewa tafsiri. "Barua ambayo haijafunguliwa wala kuandikwa," akasema hatimaye, "iko kama bado njiani. Mwenyewe anaweza kuigeuza. Lakini aliileta hapa, kwa hiyo atasaini kwamba ameichukua, na ataandika sababu. Mimi sitoi kitu bila sababu."

Alinigeuzia daftari. Nikashika kalamu, nikaanza kuwaza sababu. Niliwaza hadi taarifa ya habari ikaisha redioni.

"Binti," akasema Mzee Hamisi, "si mtihani. Andika 'kusahihisha kosa'."

"Kosa la nani?"

"La aliyeandika. Au kuna mwingine?"

Nikaandika, nikasaini. Ni sentensi ya kweli kuliko zote nilizoandika mwaka ule.

Ilibaki nakala ya posta. Ilikuwa imeondoka Jumamosi na haikuwa na wa kuirudisha. Nilikwenda kuagiza simu ya Dar es Salaam, nikangoja kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa nane, nikifanya mazoezi ya hotuba. Simu ilipounganishwa nilisahau yote. Nilimwambia Daktari kwa kupiga kelele, maana laini ilikuwa mbaya, kwamba kuna bahasha inakuja, asimwonyeshe mtu, tumewaahidi watoto siri na fomu yetu inavunja ahadi hiyo. Watu wote wa posta walisikia siri hiyo.

Alinyamaza. Nilidhani laini imekatika.

"Ni nani aliyeweka utaratibu wa nakala kwa wilaya?" akauliza.

"Ni wewe, Daktari."

Akanyamaza tena. "Choma ya kwako. Ya kwangu niachie mimi. Na kuanzia leo andika namba, usiandike majina. Orodha ya majina ikae mahali peke yake, na ufunguo ukae nawe."

Hiyo ndiyo droo, vijana wangu. Daktari alikuwa mtu mgumu na sikupata kumpenda sana, lakini namshukuru hadi leo kwa ule ukimya wake wa pili. Wakubwa wengi wangeutumia kutafuta wa kumlaumu.

Fomu niliichoma uani kwa mama mwenye nyumba, kwenye jiko la mkaa, huku chai ikichemka. Mwalimu Bonifasi aliisubiri chai. Alipoondoka aliniachia penseli yake, fupi, imechongwa kwa kisu. "Ya shule," akasema. "Wino utautumia ukiwa na hakika." Sikupata kuwa na hakika. Mnajua wenyewe, mmenicheka mara ngapi kwa penseli zangu.

Sikuwahi kulimaliza moyoni swali la haki. Kuna mtoto mwingine mahali fulani, aliyefanya mtihani kwa jina lake mwenyewe, ambaye labda nafasi yake ilichukuliwa. Nimemwaza huyo pia, miaka mingi. Katika ripoti yetu tuliandika, bila kumtaja mtu wala shule, kwamba hamu ya watoto wale tuliipima vibaya, kwamba wapo wanaorudi mtihanini kwa njia yoyote wanayoipata, na kwamba anayetaka kujua kwa nini hawafiki chuo aanze kuhesabu viti vya sekondari. Maneno hayo ya mwisho ni ya Mwalimu Bonifasi. Nilitaka kuweka jina lake, akakataa. Alisema majina yamenitesa vya kutosha.

Nilirudi kule juu ya Munanila mara moja tena, orodha ya waliochaguliwa ilipotoka. Mwalimu mkuu aliwakusanya watoto mbele ya ofisi, wazazi wakasimama nyuma, wengine na majembe yao begani. Mimi na Mwalimu Bonifasi tulikuwa pembeni, karibu na dirisha la darasa la sita. Anastazia alikuwa pale, mtoto mgongoni, amevaa kitenge safi. Hakuwa mzazi wa mwanafunzi yeyote. Alikuja tu.

Majina yalikuwa machache. Yalisomwa ya wavulana, kisha mwalimu mkuu akasoma: Anastazia, na jina la baba yake.

Sesilia hakuinuka. Aligeuka kwanza, akatafuta kwa macho hadi akamwona rafiki yake dirishani. Anastazia akamwinulia kidevu, kama mtu anayemhimiza mwenzake avuke mto. Ndipo Sesilia akasimama, na wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa mwenye jina.

Watu walipotawanyika nilimwendea. Nilitaka kumwomba radhi kwa jambo ambalo hakujua nililifanya, na nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinitangulia.

"Nimelisikia likisomwa," akasema. "Sikujua lina sauti nzuri hivyo."

Akazitazama karatasi zangu mkononi. "Sesilia alinieleza mlivyomwuliza. Habari za jogoo wao mmeandika. Na mimi, dada, umeniandika wapi?"

Nilijua nilikokuwa nimemwandika. Katika jedwali langu alikuwa alama moja ya wino kwenye safu ya walioacha shule, na safu hiyo haikuwa na dodoso. Hatukuwa na swali hata moja kwa ajili yao.

Mwalimu Bonifasi alikuwa amekwisha kusogeza benchi. Tukakaa. Nikageuza dodoso la Daktari upande wa nyuma, mahali peupe, nikatoa penseli.

"Anastazia," nikamwuliza, "jana ulifanya nini?"

Akacheka, akamshusha mtoto mgongoni, akaanzia alfajiri.